Viatu Mlangoni: Siku Tisa Kutoka Kinondoni Hadi Mbagala

Safari nzima imenigharimu siku tisa, makobazi yangu ya kazini, mwavuli mmoja, sehemu ya urafiki wangu na bosi, na viatu vya kiume pea mbili ambavyo sina mguu wa kuviingiza. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilisahau mwavuli.

Nawaandikia nyie mnaonipigia simu kuuliza, "Saumu, huko Mbagala kulikuwa na nini?" kwa sababu nimechoka kusimulia kwa vipande. Kila mmoja ameondoka na kipande chake, na sasa habari inayozunguka ni kwamba nimeolewa na muuza viatu wa Tandika. Sijaolewa. Tulikubaliana bei tu.

Majina ya watu nimeyabadilisha, msijisumbue kuwatafuta. Na kwa mashemeji mtakaowasomea hii na ambao hawajui nafanya kazi gani: mie ni mwanasosholojia, na ninashughulika na takwimu za jinsi na jinsia. Jinsi ni ulivyozaliwa. Jinsia ni mzigo unaotwishwa kwa sababu ya ulivyozaliwa. Natafuta nani anaubeba, halafu natazama jina la nani limeandikwa juu ya mzigo. Miaka ishirini na miwili sasa, na bado shangazi yangu anadhani niko sensa.

Kinondoni: jedwali lenye wanawake wanne

Ilianza Jumamosi ofisini. Bosi wangu ni mtu mwema, anapenda karatasi ziwe na sahihi kabla ya chakula cha mchana. Aliniwekea orodha mezani. Kuna mradi wa maji unataka kuvuta mabomba katika mitaa mitatu: mmoja Manzese, mmoja Temeke, mmoja Mbagala. Nyumba arobaini zinazonunua maji kwa dumu zilikuwa zimeshahojiwa. Zinazoongozwa na wanawake zitapata bomba kwanza. Zilizobaki zitasubiri awamu ya pili, na nyie mnajua awamu ya pili ya mji huu inavyokuwaga. Kazi yangu ilikuwa kutia sahihi kwamba orodha ni ya kweli, na mwisho wa kuipokea ulikuwa Jumatatu, si ya keshokutwa, ya baada yake, saa sita mchana.

Nikahesabu wanawake. Wanne. Nikahesabu tena kutoka chini kwenda juu. Mama yangu aliuza nyanya Temeke miaka yote ya utoto wangu, na alinifundisha hivi: anayeuza anahesabu kutoka juu, anayenunua anahesabu kutoka chini, wakikutana hapo ndipo penye haki. Tulikutana kwenye wanne.

"Bosi, hawa ni wachache mno."

"Ndivyo walivyokuja."

"Mie nimekulia Temeke. Uchochoro wetu peke yake ulikuwa na wanawake wanne wanaolisha nyumba, na hapo sijafika kisimani."

"Dokta Saumu, data si kumbukumbu za utotoni."

"Ndiyo maana nataka nikaulize upya."

"Zimeshaulizwa."

"Samaki mwenyewe tunamgeuza upande wa pili. Itakuwa mtu?"

Nikaomba siku kumi na nne. Akanipa nne. Nikasikitika sana, nikaangalia dirishani kama mtu aliyefiwa. Akapanda hadi saba. Tukamalizia tisa, ambazo ndizo nilizozitaka tangu nilipovuta kiti. Sharti lake lilikuwa moja: nisipokuta kosa, nitie sahihi bila neno. Na niende na Elibariki.

Elibariki ndiye aliyezihoji nyumba hizo zote, peke yake, kwa siku sita. Ni mtu wa Same, ana miaka thelathini na kitu, mwandiko wake mzuri kama wa kadi ya harusi. Mtu anayemaliza karibu nyumba saba kwa siku ama ana kipaji ama ana njia ya mkato. Yeye aliamini ana kipaji. Kwa hiyo tuliondoka Jumapili asubuhi, watu wawili wenye heshima zao, kila mmoja akiomba Mungu mwenzake aumbuke.

Manzese: magoti, supu na daftari

Nyumba kumi na nne. Ya kwanza ilitula saa tatu, na kosa halikuwa la mwenyeji. Eli alinitambulisha kwa sauti ya msikitini: "Huyu ni Dokta, anahusika na mambo ya jinsi na jinsia." Nilipomaliza kuitikia karibu, wanawake watano walikuwa wamepanga foleni, mmoja na picha zake za hospitali mkononi. Mwenyeji wetu, mama mnene mcheshi nitakayemwita Mama Rama, alikuwa ameshapandisha gauni hadi magotini.

"Anza na hili la kushoto, Dokta. La kulia linavumilia."

"Mama, mie si dokta wa kutibu."

"Sasa unafanya nini?"

"Nahesabu."

"Unahesabu nini?"

"Nani anafanya nini ndani ya nyumba, na nani anaandikwa kuwa ndiye anayefanya."

Mama Rama alicheka hadi akashika ukuta. "Basi nihesabu mie kwanza! Kodi mie, unga mie, ada mie, mgonjwa mie. Hata paka wa humu ananitegemea mie."

Nikaangalia karatasi ya Eli. Mkuu wa kaya: mwanaume. Nikaangalia mlangoni. Palikuwa na viatu vyeusi vya kiume, vya kamba, vimepangwa vizuri pembeni ya ndoo.

"Na baba Rama anarudi saa ngapi?"

"Baba Rama gani? Alikwenda Tunduru kutafuta madini, Rama akiwa tumboni. Rama sasa ana ndevu na anaishi Mwanza."

"Na hivi viatu?"

"Hivyo?" Akavitazama kama mtu anayemtazama mfanyakazi wake. "Hivyo ni askari. Mwizi akipita usiku anajua ndani kuna dume. Na mwenye nyumba akija kudai kodi hapandishi sauti."

Eli alikuwa ameacha kuandika.

Mchana tulikaa kwenye kibanda cha supu ya makongoro, na kwa mara ya kwanza tangu Kinondoni nikamwona hana raha. Nikamuuliza taratibu alijazaje lile swali la mkuu wa kaya.

"Dokta, mie ni mwanaume mgeni. Nikibisha hodi kwa mwanamke nikamuuliza 'humu ndani kuna mwanaume?', wengine wanadhani naposa, wengine wanadhani naiba. Mmoja alinimwagia maji ya kuoshea vyombo. Kwa hiyo naangalia viatu. Vya kiume vikiwepo, naandika mwanaume, naruka maswali manne."

"Nani alikufundisha upuuzi huo?"

Alifungua begi akatoa daftari, akafunua ukurasa, akaligeuza upande wangu na kulisukuma katikati ya bakuli mbili. Mwandiko wa kadi ya harusi: *Mtafiti hodari husoma kizingiti kabla ya kubisha hodi. Dkt. Saumu, siku ya pili ya mafunzo, kabla ya chai.* Alikuwa ameipigia mstari kwa rula.

Nyie mnaijua sentensi hiyo. Nimeisema kila mwaka, na kila mwaka darasa linacheka, na mie huwa napumzika kidogo ili wamalize kucheka. Nililipia supu zote mbili. Sikuwa na hoja nyingine.

Tulimaliza Manzese Jumanne jioni. Orodha ilisema mwanamke mmoja. Sasa walikuwa sita. Viatu pea tano zisizokuwa na mtu.

Temeke: mvua, na wali wa mama

Jumatano mvua ilitushika tukivuka kuingia Temeke. Tulijibanza kwenye kibanda cha fundi cherehani kuanzia saa tatu hadi saa nane. Mwavuli wangu ulipinduka mara moja tu, ikatosha. Makobazi yalibaki kwenye tope la mfereji. Nilivuta mguu, mguu ukaja peke yake. Fundi alinisikitikia, akaniuliza kama nataka kupimwa gauni maadamu nimesimama. Alituuzia vitumbua vya mkewe kwa bei ya mtu asiye na pa kwenda. Nilimwambia naiheshimu akili yake, halafu nikamshusha bei.

Nyumba za Temeke zilikuwa kumi na moja. Tulizimaliza Alhamisi, na safari hii Eli ndiye aliyekuwa anauliza, kwa adabu, ndani, baada ya kukaribishwa na kunywa chai. Alikunywa chai tisa. Mwanamke mmoja wa orodha akawa wanne.

Jioni nikampeleka kwa mama yangu. Mama ana miaka sabini na kitu, haoni vizuri lakini anasikia hata mnayoyafikiria. Eli aliamkia "Shikamoo, mama," akainama kuvua viatu, kisha akabaki ameinama. Pembeni ya mlango kulikuwa na viatu vya kahawia vya kiume, vinang'aa.

"Marahaba, mwanangu. Hivyo usivisogeze."

Ni vya baba. Alifariki nikiwa na miaka tisa. Kuanzia hapo hadi nilipokwenda chuo, kila Ijumaa asubuhi nilivipiga rangi na kuvigeuza uelekeo, ili majirani waone vimetembea. Nilikuwa navigeuza kwa mikono yangu hii. Halafu nikasoma, nikapata vyeti, nikasimama mbele ya watu nikawaambia wasome kizingiti.

Nikamweleza mama yote. Alisikiliza akichambua mchele.

"Ukawafundisha watu kwamba penye viatu pana mwanaume?"

"Ndiyo, mama."

"Chuo kikuu?"

"Na kwenye semina."

"Wakakulipa?"

"Wakanilipa."

Akanisogezea sahani. "Kula wali, Saumu."

Ulikuwa wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nikakumbuka fomu yangu ya kwanza kabisa katika kazi hii. Nilimhoji mwanamke aliyekuwa anakaanga maandazi ya kuuza huku ananijibu, nami nikamwandika "hana kazi", kwa sababu fomu haikuwa na kisanduku cha maandazi. Nilipomsimulia mama usiku ule aliniuliza, "Na mie nilikuwa naandikwaje?" Nimefanya kazi hii miaka yote ili nisiulizwe tena swali hilo. Na sasa nimeulizwa jingine.

Nililala kwa mama na uamuzi mmoja: orodha haitoki mkononi mwangu Jumatatu ikiwa na jina la kiatu hata kimoja.

Mbagala, Ijumaa: sauti yangu ya darasani

Mbagala zilikuwa nyumba kumi na tano. Ya tatu ilikuwa ya Bi Tatu. Anakaanga mihogo mbele ya nyumba yake, ana kachumbari yenye pilipili ya kumsahaulisha mtu deni lake, na hazungumzi sana. Alinipa kipande cha muhogo kabla sijasema shida yangu. Mlangoni viatu vya kiume, rangi ya ugoro, kwenye karatasi mwanaume.

Nilikuwa nimenogewa. Siku tano za kusahihisha makosa zinampa mtu kiburi. Nikaangalia viatu, nikamwangalia yeye, nikasema palepale nje, kwa ile sauti yangu inayofika viti vya nyuma: "Kwa hiyo, Bi Tatu, mume alishafariki, na mkuu wa nyumba hii ni wewe mwenyewe, sio?"

Barazani kwa jirani wanawake wanne walikuwa wanasukana. Vichwa vinne vikageuka pamoja.

"Ungeingia ndani kwanza, Dokta," alisema Bi Tatu.

Niliingia, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Ndani alinieleza. Mumewe alifariki miaka sita iliyopita. Nyumba waliijenga pamoja, yeye kwa mihogo, mume kwa kubeba mizigo. Tofali za chumba cha mbele alizihesabu mwenyewe zikishushwa, mara mbili. Nikampenda hapohapo. Ana watoto watatu wa shule, na chumba cha nyuma amelala mama mkwe wake, ambaye hajainuka kitandani tangu mwaka juzi. Kuna shemeji, Bakari, anaishi Temeke, anakuja Idd hadi Idd.

"Huyo akisikia kuna karatasi ya serikali inamtafuta mkuu wa nyumba," alisema, "atakuja kuwa mkuu."

"Atasikiaje?"

Bi Tatu aliangalia upande wa baraza la jirani, akanirudishia macho. Hakuna mwalimu aliyewahi kunipa maksi ndogo kwa upole kama ule.

Mbagala, Jumamosi: mkuu mpya wa kaya

Asubuhi tulirudi kumalizia nyumba zilizobaki. Kwa Bi Tatu karai lilikuwa motoni kama kawaida, lakini mlangoni hapakuwa na viatu. Barazani palikuwa na godoro, na juu ya godoro mwanaume wa miaka hamsini hivi, amevaa viatu rangi ya ugoro, amevikanyaga visigino kwa sababu vinambana.

"Karibuni. Nimesikia mnamtafuta mkuu wa nyumba. Mie hapa. Andika Bakari."

Mkuu wa kaya alikuwa ameondoka mlangoni akahamia mguuni kwa Bakari. Bi Tatu alikuwa anageuza mihogo, hatazami mtu. Akiandikwa Bakari, bomba linakwenda awamu ya pili, na nyumba ina karatasi inayosema ni ya Bakari. Yote hayo kwa sababu ya mdomo wangu.

Niliomba kigoda. Kwa kawaida mahojiano tunafanya ndani, faragha. Lakini aliyoyatangaza barazani nikaona yajibiwe barazani. Na majirani walikuwa wameshakaa.

"Braza Bakari, karibu sana. Kuandikwa si tatizo. Fomu ina maswali tu, kila mkuu anaulizwa. Eli, andika. Usiku wa kuamkia leo umelala hapa?"

"Nimelala. Godoro hilo."

"Katika miezi sita iliyopita umelala hapa siku ngapi?"

"Sihesabugi vitu kama hivyo."

"Sie tunahesabu."

"Andika moja!" alipaza mmoja wa wale wasukaji. Baraza likacheka.

"Maji ya leo dumu limenunuliwa bei gani?"

Akataja bei. Wanawake wakapiga kelele kama goli limeingia. "Tuletee hayo maji, shemeji! Kwa bei hiyo tunaleta pipa!" "Hayo ni ya mwaka tuliokuwa wachumba!"

"Watoto wanasoma darasa la ngapi?"

"Dokta, unaniuliza kama polisi."

"Nakuuliza kama nilivyomuuliza Bi Tatu jana. Alijibu akiwa anakaanga."

Alianza kutafuta kofia yake. Ndipo sauti ikatoka chumba cha nyuma, nyembamba, lakini ilifika.

"Bakari!"

"Naam, mama."

"Kidonge changu cha asubuhi kina rangi gani?"

Bakari alisimama. Alitazama mlango, akatutazama, akasema kwa sauti ya kujikaza, "Hivi viatu lakini ni vya kaka yangu. Siviachi."

"Chukua," alisema Bi Tatu. Lilikuwa neno lake la kwanza asubuhi ile. "Na mama ni wa nani?"

Akaenda zake amevaa viatu, godoro akaliacha. Jioni ile mama mkwe alilalia godoro jipya. Kama mtoto wa muuza nyanya nasema: Bakari alipunjwa.

Eli alisubiri hadi tukafika pembeni. "Dokta, mlango hauna askari usiku wa leo."

"Najua."

"Na mtaa mzima sasa unajua hakuna mtu ndani."

"Najua, Elibariki. Twende Tandika."

Tandika: fungu la pembeni

Muuza viatu alinipokea kama bibi harusi. "Sista, namba ngapi?"

"Yoyote. Havitavaliwa."

Akashika pea moja, akataja bei ya kuvaliwa na waziri. Nikamwambia kiatu kinauzwa kwa sababu ya soli, na soli hii haitaisha kwa kuwa haitakanyaga chochote, kwa hiyo aondoe bei ya soli. Alikigeuza kiatu akaitazama soli. "Miaka kumi na nne niko hapa, sijawahi kuambiwa hivyo."

"Halafu nataka vilivyochoka kiasi. Vionekane vinatoka asubuhi na kurudi jioni."

Uso wake ukafunguka. "Aaa! Unataka vya mlangoni! Si useme mapema, sista, unanichosha. Njoo." Akanipeleka pembeni, kwenye fungu lililofunikwa turubai. Viatu vikubwa, vizito, vya heshima, vimechakaa vizuri.

"Wateja wa fungu hili ni akina nani?"

"Wanawake watupu. Kila wiki."

Nikamwangalia Eli, Eli akaniangalia. Miaka ishirini na miwili natafuta takwimu hii, kumbe ilikuwa imefunikwa turubai Tandika. Bei ya pea moja ilikuwa nzuri. Bei ya pea mbili ilikuwa nzuri zaidi, na nyie mnanijua nikionyeshwa punguzo. Nikachukua mbili.

Mbagala, Jumapili: ubao wa matangazo

Pea moja tuliipeleka kwa Bi Tatu jioni ileile ya Jumamosi. Jumapili tukarudi, kwa sababu kulikuwa na mtego wa mwisho: orodha ikikubaliwa inabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtaa. Yaani nyumba zisizo na mwanaume, kwa majina, kwa kila apitaye. Mwenyekiti wa mtaa aliniambia isipobandikwa watu watasema ameuza mabomba. Alikuwa na haki. Nami nilikuwa na haki. Tulivutana saa nzima, akatoa soda, nikakataa soda, tukakubaliana: anayetaka jina lake libandikwe libandikwe, asiyetaka apelekewe barua yenye mhuri mkononi. Wenyeviti wa Manzese na Temeke nao wakakubali kwa simu, na Eli akazunguka huko kuwauliza wanawake mmoja mmoja, ndani, kwa chai. Mie nikawauliza wa Mbagala. Wengi walichagua barua. Mama Rama, Eli alinipasha, alichagua barua na dawa ya magoti.

Kwa Bi Tatu nilijua jibu, kwa hiyo nilishaandaa bahasha. Niliingia ndani, nikafunga mlango, nikanong'ona hadi akacheka.

"Barua," nilisema, "haitajulikana na mtu."

"Hapana. Niandike ubaoni. Jina langu kamili, herufi kubwa."

"Bi Tatu, kila mtu atasoma."

"Bakari anajua kusoma. Namtaka asome mbele za watu kwamba mkuu wa nyumba hii ni mie, na serikali imegonga mhuri."

"Na wezi?"

Akafungua mlango, akaangalia viatu vya Tandika, alivyokuwa ameshavigeuza uelekeo. "Wezi hawasomagi matangazo, Dokta. Wao wanasoma kizingiti."

Mbagala wawili wakawa tisa.

Kurudi Kinondoni

Jumatatu saa tano na dakika arobaini nilitia sahihi. Manzese sita, Temeke wanne, Mbagala tisa: wanawake kumi na tisa mahali palipokuwa na wanne. Bosi alihesabu. Nikamwomba ahesabu tena kutoka chini. Alipofika kumi na tisa mara ya pili aliniuliza kosa lilikuwa la nani, na Eli akafungua mdomo, nami nikamwahi: "La mkufunzi." Hajaniambia neno zaidi, ila tangu siku hiyo ananiita "Dokta" bila kuongeza jina, ndiyo maana nasema urafiki umepungua.

Eli aliikata ile sentensi kwenye daftari kwa rula, akaniuliza aandike nini mahali pake. Nikamwambia aache mstari wazi kwanza.

Sasa ndipo ninapowahitaji. Mnajua naishi peke yangu tangu mume wangu Hamisi aondoke, na mnajua wiki ile wezi walivyojaribu dirisha langu la jikoni. Ile pea ya pili ipo mlangoni kwangu. Nyeusi, namba arobaini na tatu, kila Ijumaa navipiga rangi na kuvigeuza. Tangu viwekwe nalala usingizi. Lakini mwezi ujao kuna mahojiano mapya Kinondoni, mtaa wangu umo, na mhojaji ni Elibariki.

Akibisha hodi atakuta kiatu cha uongo kwenye mlango wa mtu aliyemkataza kuamini viatu. Kuviondoa siwezi, naogopa. Kuviacha naona aibu. Nyie mngefanyaje? Niambieni kabla ya Jumamosi. Baada ya hapo nitakuwa nimeshaamua mwenyewe, kama kawaida yangu, na ushauri wenu nitausikiliza kwa adabu tu.